Mikono Nimenawa, Mlango Je?

Jamani, aliyeweka kishikio upande wa ndani wa mlango wa choo cha umma ajitokeze tuongee. Sitampiga. Nataka tu anieleze alikuwa anawaza nini.

Maana kunawa tumefundishwa. Sabuni, maji tiririka, sekunde 20, katikati ya vidole, chini ya kucha, mgongo wa kiganja. Unasugua mpaka ngozi inakuomba msamaha. Ukimaliza unasimama umeinua viganja kama daktari anayeingia chumba cha upasuaji, hutaki hata upepo ukuguse. Sasa geuka utoke. Mlango ni wa kuvuta. Na kishikio chake ni kile kile alichokishika yule bwana aliyekutangulia, ambaye ulisikia zipu ikipanda na viatu vikaelekea mlangoni moja kwa moja. Kwenye bomba hakupita. Wengine angalau hufungua maji kidogo watu wasikie, kulinda heshima. Huyu hata kuigiza kumemshinda.

Kishikio chenyewe ukikitazama vizuri kina unyevunyevu. Wa nini, usiulize.

Hapo ndipo watu wazima tunapoanza vituko. Nimefungua kwa pindo la shati. Nimefungua kwa kidole cha mwisho, kana kwamba vijidudu vimekubaliana kutopanda kidole hicho. Nimefungua kwa karatasi, nikabaki nayo mkononi kwa sababu ndoo ya taka iko kule ndani karibu na sinki, na mlango ukiuachia unajifunga. Ndiyo maana nyuma ya mlango utakuta kilima cha karatasi. Kilima kile ni barua ya malalamiko, watu wameiandika bila kalamu. Msimamizi akikiona, anabandika tangazo: "USITUPE KARATASI HAPA."

Njia nyingine ni kujifanya unaweka kola sawa kwenye kioo huku ukingoja mtu aingie, ili uchomoke kabla mlango haujarudi. Shida ni mkikutana wawili wenye mbinu moja. Nilimkuta mzee mmoja kasimama pale, katulia, kola imenyooka kuliko rula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatoka?"

"Natoka mzee, lakini tangulia."

"Aa, tangulia wewe mwanangu, mimi sina haraka."

Nikamtazama mikono, inachuruzika maji. Akanitazama yangu, inachuruzika maji. Tukaelewana. Kila mtu akarudi kwenye kola yake, mpaka akaingia kijana mmoja anaongea na simu, akausukuma mlango kwa bega. Kwa bega! Tukapita kama tumefunguliwa gereza, lakini mimi moyo ukaniuma. Anayeingia na uchafu wake anaruhusiwa kusukuma. Sisi tunaotoka tumenawa ndio tunaolazimishwa kuvuta. Hivi mngeugeuza tu huo mlango mngepungukiwa nini?

Hilo nilimuuliza fundi seremala. Akaniambia mlango ukifungukia nje utampiga usoni mtu anayepita kwenye korido. Nikakosa la kusema, maana siku hiyo mpita koridoni naweza kuwa mimi.

Sawa, basi tuwekeeni kile cha mguu. Ni kipande cha chuma kilichokunjwa, kinafungwa kwa skrubu chini ya mlango, unakikanyaga kwa soli na kuvuta. Hakili umeme, hakiharibiki, na kukifunga hakuhitaji injinia. Ila mlango usiwe na kitasa cha kuzungusha, la sivyo utavuta mguu mpaka ung'oke. Na hata kikifanya kazi, fikiria: sakafu imelowa, umesimama kwa mguu mmoja, unarudi kinyumenyume. Mwenye fimbo afanyeje? Mwenye kiti cha magurudumu? Kwa hiyo kishikio kile cha kufungulia kwa kiwiko, kirefu kama vya hospitalini, nacho kiwepo. Siyo hicho cha duara, ambacho ukikijaribu kwa kiwiko unaonekana unapigana na mtu asiyeonekana.

Kuna wanaosema dawa ni shaba. Kweli, shaba inaua bakteria, na mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikubali aloi zake, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, zisajiliwe kwa sifa hiyo: zinaua zaidi ya asilimia 99.9 ndani ya saa mbili. Saa mbili! Yule bwana wa zipu nimemfuata nyuma hapo hapo. Nikae chooni saa mbili nikingoja shaba imalize kazi?

Halafu kuna milango ile inayofunguka yenyewe. Msidhani ni mambo ya jana. Heron wa Alexandria, mvumbuzi wa Kigiriki wa karne ya kwanza, alieleza milango ya hekalu inayofunguka moto ukiwashwa madhabahuni: hewa ikipata joto inasukuma maji yaingie kwenye ndoo, ndoo ikizidi uzito inashuka, kamba zinazungusha nguzo za mlango. Mwaka 1954 kule Corpus Christi, Texas, Dee Horton na Lew Hewitt walichoka na upepo uliokuwa ukisumbua milango ya kusukuma, wakabuni wa kuteleza pembeni unaojiendesha. Wazo zuri sana, hongera zao.

Tatizo ni sensa, kile kifaa cha kuhisi mtu akikaribia mlango, na mimi sensa hainipendi. Nyingi zinatuma mawimbi na kusoma kitu kinachosogea. Ukisimama wima kwa adabu, kwake wewe ni ukuta. Basi narudi nyuma, nasogea mbele, napunga mikono, nacheza kidogo. Umati unaangalia. Mlango kimya. Mfuko wa plastiki ukipeperushwa na upepo mbele yake, unafunguka wazi, karibu mheshimiwa.

Na umeme ukikatika, mlango usio na kishikio unaufungua kwa kucha, ukishika pale pale walipopita na kucha zao wote waliokutangulia.

Kichekesho kingine ni kitufe cha "pitisha mkono bila kugusa." Nendeni mkakitazame. Kimejaa alama za vidole. Mtu anapitisha mkono, hakijaitikia, anakigusa. Hakijaitikia tena, anakibonyeza. Mwisho anakipiga kofi.

Mimi mlango wa choo ninaoukubali ni ule ambao haupo. Viwanja vingi vya ndege wameshaujua: unaingia kwenye kinjia kinachopinda, ukuta unazuia macho ya watu, hakuna bawaba, hakuna kishikio. Mwenye sanduku anapita, mwenye mtoto mgongoni anapita. Najua, kinjia kinakula nafasi, na nafasi ni hela. Basi wekeni mlango wa bawaba za springi, usukumwe ukiingia na usukumwe ukitoka, wenye kidirisha juu tuonane kabla hatujapigana nyuso. Jikoni kwenye mahoteli wahudumu wanapita hapo siku nzima na sahani mikono yote miwili.

Hilo nalo likishindikana, basi sogezeni ndoo ya taka iwe karibu na mlango. Ningeisogeza mwenyewe, lakini nimeshanawa.