Hotuba Isiyorudia Neno

Kuna wakubwa wa kazi wanaoogopa wakaguzi, na kuna wanaoogopa kustaafu. Mkuu wetu, yaani Mkurugenzi, aliogopa kitu kimoja tu: kurudia neno la Kiingereza. Aliamini kwamba ukilitamka neno lilelile mara mbili katika ukurasa mmoja, Mwingereza yeyote aliye karibu atajua hukusoma.

Bahati mbaya, taarifa niliyopewa kutafsiri ilikuwa ya majengo matupu, mwanzo hadi mwisho. Jengo la utawala linavuja, majengo ya nyuma yana nyufa, jengo jipya limekwama, tunaomba mkono wa wafadhili. Kwa Kiswahili, "jengo" lilikuwa limejazana kila mstari na halikumkera mtu. Kila palipokuwa na jengo mimi nikaweka "building", nikampelekea.

"Building, building, building! Kijana, huu ni wimbo?"

"Mkuu, ni majengo."

"Kiingereza kina utajiri bwana. Niachie."

Akavuta kamusi yake ya visawe, kitabu kinene kuliko mkataba wa ujenzi wenyewe. Mzee wa kamusi za namna hii ni ile ya Peter Mark Roget, iliyotoka mwaka 1852, na Roget huyo alikuwa daktari. Naomba ulishike hilo la udaktari, litatufaa mbele. Tatizo la vitabu hivi ni kwamba hupanga maneno kama ndugu kwenye picha ya ukoo: wote wamesogeleana na kutabasamu, lakini huambiwi nani hasalimiani na nani.

Siku ya ugeni ikafika, mkuu akaamka sauti imekauka. "Utasoma wewe," akanong'ona, akanipa karatasi zikiwa bado na joto la mashine ya kuchapia. Wageni walishakaa: Waingereza, Wamarekani, na mhandisi mmoja mpole aliyeletwa kukagua nyufa. Hapakuwa na muda wa kupitia chochote.

Aya ya kwanza ilipita salama. "Edifice" ni neno zito, linafaa makanisa makuu na mahakama, siyo ofisi yenye choo kimoja, lakini halimdhuru mtu. Aya ya pili, jengo letu la ghorofa 3 likawa "skyscraper". Zamani hilo lilikuwa jina la tanga dogo la juu kabisa kwenye mlingoti wa meli. Lilipohamia nchi kavu likapewa majumba marefu kama lile la Home Insurance kule Chicago, la mwaka 1885, na hata hilo lilianza na ghorofa 10. Sisi tulikuwa na 3, na hiyo ya juu haikuwa na ngazi.

Halafu ikaja "folly". Ni kweli kwamba matajiri wa Uingereza, hasa karne ya 18, walijenga vijinara na magofu bandia bustanini kwa kufurahisha macho tu, na vitu hivyo ndivyo vinavyoitwa hivyo. Lakini kwa watu wa kawaida neno hilo ni upumbavu. Kwa hiyo niliwatangazia wafadhili, tena kwa sauti ya kujiamini, kwamba fedha zao zilianzisha upumbavu wetu mpya na kwamba tunaomba nyingine za kuumalizia. Mama mmoja wa mstari wa mbele akafunika kalamu yake.

"Fabric" nayo haikuchelewa. Mafundi hulitumia kwa kuta, sakafu na paa kwa pamoja, ndiyo maana mhandisi alitikisa kichwa kukubali. Wengine walisikia kwamba mvua ikinyesha maji hupenya vitambaa vyetu, wakaniangalia suruali.

Ndipo nikaliona, mistari miwili chini. Silitaji hapa, kuna watoto wanasoma. Itoshe kusema limetokana na kusimamisha. Waingereza wa zamani waliliandika bila haya kwa maana ya jengo, na mafundi wa fremu za chuma bado wanalo kazini kwa maana ya kupandisha vyuma. Ila ukilitamka mbele ya watu waliovaa tai, akili zote hukimbilia mahali pamoja, na hapo mahali hapana saruji. Sentensi ilisema la Mkurugenzi limechakaa, halisimami sawasawa, na linahitaji kuimarishwa kwa msaada kutoka nje.

Nikakohoa, nikasema "ofisi ya Mkurugenzi", nikasonga mbele.

Mkuu alikuwa anafuatilia nakala yake kwa kidole. Akainuka. "Umeruka neno." Akavuta maikrofoni na, kwa ile sauti iliyobaki, ya kukwaruza, akalitamka silabi kwa silabi. Kisha, pasije pakawa na utata wa umiliki, akajigonga kifua.

Mmarekani mmoja akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Ningeomba kikao kiishie hapo, lakini bado kulikuwa na yale majengo mawili ya nyuma, na kwa hayo mkuu alikuwa amechagua "piles". Likiwa moja tu, Mwingereza anaweza kuliita hivyo jumba kubwa la kale, la kurithi, lenye paa la kutia hasara. Yakiwa mengi, anakumbuka bawasiri. Hapo ndipo udaktari wa Roget unapoingia. Nikasoma, maana mkuu alikuwa bado amesimama na maikrofoni, kwamba Mkurugenzi alizirithi kwa mtangulizi wake, kwamba mvua zikianza humsumbua sana, na kwamba hali imefikia pa watu kushindwa kuketi.

Ukumbi mzima ukaingiwa na huruma. Mwingereza mmoja mzee alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyepitia hayo. Mhandisi peke yake ndiye aliyetoa daftari, kwa sababu kwa watu wa fani yake neno hilo ni zile nguzo ndefu zinazozamishwa ardhini kubeba msingi. Akanyoosha mkono.

"Zina urefu gani?"

Mkuu akafurahi kupata swali la kitaalamu. Akainua vidole viwili. "Ziko mbili," akakwaruza, "ziko huku nyuma. Baada ya mapumziko nitawaonyesha. Picha ruksa."

Mapumziko yalikuwa marefu. Kwenye ratiba mkuu alikuwa ameandika ziara ianzie "first floor", kwa hiyo Waingereza wakapanda ngazi na Wamarekani wakabaki chini, kila upande ukiamini uko mahali sahihi, na kwa lugha ya kwao kila upande ulikuwa sahihi. Nadhani wapo waliofurahi kupotezana. Aliyefika kwenye majengo ya nyuma ni mhandisi tu, akapima nyufa zake kwa utulivu na kuandika kwamba paa lote lifumuliwe.

Kumbukumbu za kikao ziliandikwa na katibu wetu, mtu makini asiyeongeza wala kupunguza, anayetafsiri anachosikia. Kipengele cha 4 kilisomeka hivi: "Mkurugenzi aliwaeleza wageni kuhusu bawasiri alizorithi. Wageni walimpa pole. Mhandisi aliomba vipimo. Mkurugenzi aliahidi kumwonyesha." Kwa kuwa zilikuwa za Kiswahili, mkuu hakuona haja ya kuzipitia. Akatia saini, zikabandikwa ubaoni.