Kata Kanzu, Acha Cheni

Siku ile katambuga zangu zilibaki uvunguni, na kosa lote lilianzia hapo. Nalisema mapema asije mtu akailaumu baiskeli.

Yenyewe ni Phoenix, saizi ya 28, nyeusi, ile yenye ndege kwenye nembo. Marehemu baba aliipata mwaka 1983, zama ambazo ukiona foleni unajipanga kwanza, kinachouzwa utauliza baadaye. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na kibali cha kununua baiskeli alikihangaikia kama mtu anayeposa. Baiskeli zetu za Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam hakuzitaka. Yeye aliapa ni Phoenix au miguu yake miwili. Alipokabidhiwa pale Tanga mjini hakuipanda. Aliisukuma. Kutoka Tanga hadi Pangani ni zaidi ya kilomita 50, na mzee akazimaliza kwa mguu huku kashika usukani, ati tairi zisilike bure. Usiku ulimkuta Kigombe, akalala kibarazani kwa watu, kamba moja ncha huku kwenye baiskeli, ncha huku kwenye kifundo cha mguu wake. Mama alikuwa akilisimulia hilo kwa uchungu kabisa: "Mimi, mke wa ndoa, hajapata kulala kanishika hata kidole."

Halafu mwaka wenyewe ndio ule wa msako wa wahujumu uchumi, serikali ikiwasaka walanguzi na wenye kuficha bidhaa. Watu walikuwa wakitupa vitu vichakani usiku, wengine hata risiti wanazo, ila nani ana hamu ya kujieleza? Baba akaingiwa na hofu kuonekana na chuma kipya kinachong'aa. Akaipaka tope, kuanzia usukani mpaka keria. Mvua ikinyesha ikaisafisha, kesho asubuhi anapaka tena. Ndiyo maana naweza kusema bila kutia chumvi kwamba baiskeli yetu ilizeeka kabla haijatumika.

Sasa niko nayo mimi. Tandiko nimelivika mpira wa tyubu. Kifuniko cha cheni kilikatika zamani, mama akakigeuza koleo la kuzolea majivu. Kengele ukiibonyeza hailii, hulia yenyewe gurudumu likiingia shimoni, yaani inakuonya baada ya tukio. Na breki, zile fito za chuma zipo zote, mipira ndiyo imekwisha, na nikiweka ya dukani hailingani. Sina shida. Madigadi ya mbele niliing'oa makusudi, kwa hiyo nikitaka kusimama napeleka wayo wa kulia kwenye tairi la mbele. Katambuga ni tairi, tairi ni tairi, wakikutana ndugu hao wanasikilizana na baiskeli inasimama. Miaka yote hiyo nimemgonga bata mmoja tu, na bata mwenyewe alikuwa na makosa.

Aliwahi kuja bwana mmoja mwenye hoteli kule Ushongo, akaizunguka mara tatu, akasema anaitaka aitundike getini, kwenye keria aoteshe maua. Akataja laki na nusu. Nikamuuliza kama kwao wazee wakifa huwa wanawaotesha maua kwenye mgongo. Akaondoka. Ila mke wangu alikuwa jikoni na masikio yake yalikuwa barazani. Tangu siku hiyo, sukari ikiisha, nasikia sauti: "Laki na nusu."

Basi mdogo wangu wa mwisho, wa kike, akapata mchumba. Baba hayupo, mimi ndiye mwanaume mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye wali, yaani wa kumwozesha. Wapo wageni ambao wasipofika harusi inaendelea na pilau linaliwa. Wali si mmoja wao. Ndoa ilikuwa nyumbani kwa mama, Pangani mjini, baada ya sala ya Alasiri, na mimi naishi ng'ambo ya mto, Bweni, mahali ambapo hata ukiwa na ndege utangoja kivuko.

Kanzu yangu ilikuwa imetafunwa na panya. Nikaenda kwa jirani yangu, ambaye ndugu yake yuko Maskati. Akanitolea kanzu nyeupe hiyo, ina kishada shingoni, inanukia udi mpaka unaona haya kuivaa. Alinikabidhi kwa mikono miwili kama anayekukabidhi mtoto mchanga. "Jirani, hii ni amana," akasema, kisha akanifundisha namna ya kukaa nayo. Na kwa kuwa kanzu kama hiyo haivaliwi na katambuga, nikanunua makubadhi mapya, soli ya ngozi, laini, inateleza hata kwenye mkeka.

Mke wangu na watoto walivuka asubuhi. Alipofika mlangoni akageuka: "Baba watoto, leo chukua bodaboda. Usinijie na hilo dude mbele za wakwe." Nikamwambia sawa, na nilikuwa na nia kweli. Nikampigia kijana wa bodaboda saa nane. "Nipo njiani, mzee." Saa tisa kasoro nikapiga tena. "Nipo njiani." Nyuma yake nasikia mtu anasuguliwa mgongo.

Nikaitazama Phoenix pale ukutani. Nami, sitaki kudanganya, sikuitazama kwa sababu ya bodaboda tu. Binti wa baba anaolewa, nikaona na baba awepo kidogo. Hilo sikumwambia mtu, wangenicheka.

Nikaikunja kanzu yote, nikaifunga kiunoni. Ndani nilikuwa na bukta ya Coastal Union, nyekundu, maana joto la siku ile halikuwa la suruali. Nikakanyaga vizuri tu hadi juu ya kilima, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda kivukoni. Nikaangalia chini. Kivuko kipo, mlango umeshushwa, na gatini wamesimama wanaume kama kumi wenye kanzu na kofia. Ni upande wa bwana harusi, wametoka Mkwaja, nao wanangoja kuvuka. Hebu fikiri: wali wa bi harusi anawatokea na mapaja nje, kiunoni kafunga amana ya watu kama mama anayekwenda kufua. Haiwezekani. Nikaifungua kanzu, nikaiteremsha ikafunika mpaka kwenye vifundo, nikanyoosha kofia, nikajiachia mteremkoni kiungwana.

Nafikiri uungwana ulidumu mita ishirini. Kisha nikahisi navutwa. Si kwa nguvu, taratibu tu, kama mtoto anavyokuvuta kanzu sokoni akiona maandazi. Nikainama kutazama: pindo la Maskati linaingia kwenye meno ya gia, linazunguka, linaingia tena. Pedali zikakaza. Nikasema alhamdulillah, sasa itasimama. Haikusimama. Pedali zikikwama gurudumu la nyuma halina habari, lenyewe linaserereka tu, na mimi juu yake nimefungwa mguu wa kulia kama mbuzi wa Idi.

Mguu wa breki ndio uliofungwa. Nikapeleka wa kushoto. Kubadhi likagusa tairi, likasema *fyuuu*, likaniaga. Sijaliona mpaka leo. Nikabaki na wayo mtupu, na wayo mtupu kwenye tairi linalozunguka kwa mwendo ule ni jambo unalifanya mara moja tu maishani.

Barabara ile ina mashimo yake, kwa hiyo kengele ikaanza kulia. Siku hiyo ikalia bila kupumzika, *kriing kriing kriing*, mpaka chini. Wale wazee wa Mkwaja wakageuka, wakaona mtu kavaa nyeupe tupu, kishada kinapepea, anakuja na kengele. Wakadhani ni shamrashamra zetu sisi watu wa Bweni. Mmoja akapiga makofi. Mwingine akaanza kumsalia Mtume, na wenzake wakamwitikia.

"Nipisheni! Sina breki!" napiga kelele.

"Swalla!" wananijibu.

Wakanipisha mwishoni, tena kwa kuruka. Mkata tiketi akanyoosha mkono, "Mgosi, tiketi!" nikampita. Nikaupanda mlango wa kivuko, mbao na vyuma vikapiga kelele, na mbele yangu likasimama Fuso limejaa makuti mpaka yamening'inia nyuma. Nikaingia humo kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Mwenye Fuso alishuka akanitazama, kwanza mimi, kisha makuti yake, akarudi kukaa kwenye kiti bila kusema neno.

Kivuko kikaondoka. Kuvuka pale ni dakika chache tu, na katika dakika hizo nilipata ushauri wa miaka mingi. Walinitoa kwenye makuti lakini kwenye baiskeli nikabaki, siwezi kushuka wala kukaa, nimesimama mguu mmoja kama korongo. Mmoja anasema rudisha pedali nyuma. Mwingine, peleka mbele. Wakavuta hivi, wakavuta vile, kanzu ikazidi kuingia, ikafika gotini.

"Vua kanzu, baba," akasema bibi mmoja aliyekalia gunia la mkaa.

Nikafikiria bukta, nikafikiria wazee wa Mkwaja waliokuwa wamenizunguka. "Haivuliki, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi vuka nayo."

Kitoto fulani cha kiume, kimeshika kuku, kikapenya katikati ya watu, kikachuchumaa kwenye cheni. "Mjomba, si kuna kli..."

"Nyamaza," nikakikaripia, "watu wazima wanaongea."

Hapo akaja baharia wa kivuko, ana kisu mkono mmoja na nyundo na patasi mkono wa pili. Huyu alikuwa mtu wa vitendo. "Mgosi, tunafika. Magari yanataka kushuka na wewe uko mlangoni. Nikate cheni au nikate kanzu?"

Nataka mnielewe. Cheni ile ni ya tangu 1983. Baba aliipaka grisi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, akaizungushia gazeti ili isidondoshe. Kanzu naifahamu tangu juzi.

"Kata kanzu," nikasema.

Kimya kilichofuata hata injini nadhani ilipunguza.

"Kanzu ya nani?" akauliza bibi wa mkaa.

"Ya jirani."

Bibi alicheka mpaka akateremka guniani. Mzee mmoja wa Mkwaja, ambaye baadaye nilijua ndiye baba mdogo wa bwana harusi, akamnong'oneza mwenzake, na mnong'ono wa wazee unasikika hadi Unguja: "Huyu ndiye wali wetu?"

Kisu kikapita. Nikashuka Pangani na kanzu ambayo kushoto inafika kwenye kifundo na kulia inaishia juu ya goti, ukingo umechanika na una grisi ya miaka, bukta ya Coastal Union inachungulia, mguu mmoja una kubadhi. Baiskeli nikaisukuma, kitambaa cheupe kimening'inia kwenye gia kama bendera ya kusalimu amri. Nyuma yangu mkata tiketi anafuata: "Mgosi, na baiskeli ina nauli yake!" Nikalipa.

Nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni. Alinitazama, akaitazama Phoenix, akafumba macho, akafumbua, kana kwamba mambo yatakuwa yamebadilika. "Laki na nusu," akasema, akaingia ndani.

Ilibidi niende chumbani kwa bi harusi, na mashahidi wawili, kumwomba idhini. Nikamuuliza kama ilivyo desturi, umeridhia nikuozeshe kwa fulani kwa mahari kadha. Akainua shela kidogo, akaona goti langu. "Kaka," akaniambia taratibu, "baba alijifunga kwa kamba. Wewe umejifunga kwa kanzu ya watu." Kisha akacheka, akacheka mpaka wanja ukamtiririka. Mashahidi wakatazamana. Shehe alipoulizwa akasema bikira akinyamaza ni idhini, na akicheka ni idhini iliyotimia, tuendelee.

Nikakaa kwenye jamvi, mtu akanirushia kikoi nikajifunika magoti. Nilipoinua uso nimpe mkono bwana harusi, nyuma yake moja kwa moja kakaa jirani yangu, mgeni mwalikwa. Macho yake yalianzia kwenye kishada. Yakateremka taratibu, kifuani, tumboni, yakafika kwenye kikoi, yakakaa hapo, yakasubiri. Nilimwozesha mdogo wangu kwa sauti inayotetemeka, na akina mama huko ndani wakasema, masikini, anamkumbuka baba yake.

Tulipatana na jirani nimlipe laki na ishirini, kwa mafungu. Kwanza alipendekeza nimpe baiskeli yaishe. Nikamwambia tupange mafungu. Nimefika fungu la nne.

Kesho yake niliipeleka Phoenix kwa fundi, kitambaa kikiwa bado kimo kwenye gia. Nikamsihi awe mwangalifu na cheni. Akachukua bisibisi, akabinya mahali, *tik*, cheni ikafunguka yenyewe, akachomoa kitambaa, akaifunga tena. Haikuchukua dakika mbili. Kumbe ina klipu.

"Hii kitu iko wazi kabisa," fundi akasema. "Kivuko kizima hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye akili?"

"Alikuwepo," nikamjibu. "Ana miaka kama minane, ameshika kuku. Nilimwambia anyamaze."