Mji wa kubuni: uchorwe wote kabla ya mchezo, au ukue mezani?

Mwaka jana nilitumia jioni za majuma sita kuchora mji mmoja wa bandari kwa ajili ya mchezo. Niliupa malango manne, mahekalu mawili, soko la samaki, mtaa wa wahunzi na nyumba 140 zenye namba, kila moja ikiwa na jina la mwenyeji na siri yake katika daftari. Siku ya kwanza wachezaji wangu wanne walipita lango la kusini, na mmoja wao, aliyekuwa akimwigiza mchukuzi mwenye punda wawili, akamwuliza bawabu swali moja tu: punda hunyweshwa wapi hapa? Sikuwa na jibu. Katika daftari langu alikuwamo mke wa mhunzi aliyekuwa akimtilia mumewe sumu kidogokidogo, lakini hamkuwa na kisima hata kimoja.

Kwa asiyeijua michezo hii, huchezwa na watu wachache walioketi kuizunguka meza. Mmoja huwa msimamizi, anayeujua ulimwengu wa hadithi na kuwasemea watu wake wote. Kila mmoja wa waliobaki humwigiza mhusika mmoja. Na pale jambo linapoweza kufaulu au kushindikana, dadu huamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na sehemu kubwa ya shughuli yake ilikuwa kushuka chini ya ardhi kutafuta hazina. Pango ni jepesi kulibuni kwa sababu kuta zake humwongoza mchezaji: kuna mlango wa kushoto, kuna wa kulia, basi. Mjini mchezaji anaweza kwenda upande wowote, kubisha hodi kwa yeyote na kuuliza lolote, na ndiyo maana wasimamizi hawajaacha kubishana kama mji ubuniwe wote kabla ya mchezo kuanza au uachwe ujengeke kadiri wachezaji wanavyoutembea.

Upande wa kwanza una historia ndefu. Mwaka 1976, miaka miwili tu baada ya mchezo wenyewe kuzaliwa, kampuni ya Judges Guild ilichapisha City State of the Invincible Overlord, mji uliokuja na ramani kubwa na maelezo ya mamia ya maduka, nyumba na wakazi wake. Miaka 30 baadaye mtunzi wa michezo Monte Cook alitoa Ptolus, mji mmoja uliojaza kitabu cha zaidi ya kurasa 600. Watu hawanunui vitu vya namna hiyo kwa ujinga, na hoja za wanaovitetea ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri.

Hoja iliyo nzito kupita zote ni ya haki. Wachezaji wakiamua kuiba katika nyumba ya tajiri, watataka kujua kimo cha ukuta, saa ambazo walinzi hupokezana zamu, na mahali uchochoro wa nyuma unapotokea. Msimamizi aliyeyaandika hayo mapema anakuwa refa mwenye kitabu cha kanuni mkononi. Asiyeyaandika, hata awe mwadilifu kiasi gani, akisikia kwamba wachezaji wana kamba ya mita 10 kisha akatangaza kwamba ukuta una mita 12, hakuna mtu mezani atakayeamini kuwa ukuta huo ulikuwapo kabla ya kamba. Mpango wa werevu huwa na thamani pale tu unapopangwa dhidi ya kitu kilichosimama imara.

Hoja ya pili inahusu kumbukumbu. Mji ulioandikwa hausahau: kengele iliyosikika upande wa magharibi siku ya kwanza itasikika upande uleule siku ya tano, na mchezaji aliyekuwa makini atalipwa kwa umakini wake. Msimamizi anayebuni papo kwa papo hujikwaa hapo. Nimewahi kucheza katika mji uliokuwa na wauza mvinyo watatu wenye jina moja, na kwa vikao viwili tulisadiki kwamba hiyo ni njama.

Lakini gharama yake pia inajulikana. Tuache muda, maana mwenye kupenda kuchora atachora hata asipoombwa. Tatizo kubwa ni mapenzi ya mtunzi kwa kazi yake. Msimamizi aliyekesha akibuni maktaba ya ghorofa saba atatafuta kila njia ili wachezaji wapite maktabani, na wao wakichagua kwenda gatini atawafikisha gatini kwa shingo upande, huku kila nahodha wanayekutana naye akiwa, kwa bahati ya ajabu, na jambo la kuwaambia kuhusu maktaba. Halafu kuna ule ukimya wa kupekua kurasa. Mchezaji ameuliza bei ya nanga, msimamizi anaamini aliiandika mahali fulani, na wote wanne wanatazama dari.

Wanaotetea upande wa pili husema msimamizi aje na kurasa mbili na masikio yaliyo wazi. Apocalypse World, mchezo uliotoka mwaka 2010, ulilifanya hilo kuwa kanuni kwa kumwagiza msimamizi awaulize wachezaji wenyewe maswali kuhusu ulimwengu wao na kuyajengea majibu yao. Faida yake nimeiona kwa macho yangu: mchezaji aliyejibu mwenyewe kwamba dada yake anauza mkaa karibu na gati hatasahau gati liko wapi, na siku gati likiungua hutahitaji kumsihi ajali. Mji wa namna hii pia haupotezi chochote, kwa kuwa kila kilichobuniwa kimebuniwa kwa sababu kuna mtu aliyekihitaji.

Kasoro yake huchelewa kuonekana. Kikao cha kwanza na cha pili huwa vitamu, ila kufikia cha sita wachezaji wanaanza kuhisi kwamba mji huu unawangoja wao. Wakitaka mganga, mganga yupo kona inayofuata. Wakitaka adui, adui amewasili jana. Hakuna njia inayowazuia, hakuna sheria inayowakera, hakuna kitu kilichokuwa kikiendelea kabla hawajafika. Mji usiomnyima mgeni chochote ni pazia lililochorwa nyuma ya jukwaa, na ukiliegemea litaanguka.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombana kuhusu wingi: nyumba 140 au nyumba tano. Swali la punda lilinionyesha kwamba daftari langu lilikuwa limejaa na bado halikuwa na mji, kwa sababu niliandika vitu bila kuandika vinavyovisababisha. Ili nieleweke, nitautazama mji wa kweli ulio karibu nasi.

Nyumba za kale za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, vyenye upana wa kiasi cha mita 3 au pungufu. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi pana zaidi ya hapo bila kulemewa na mawe na chokaa ya juu yake. Aliyetaka chumba kikubwa alipata chumba kirefu. Ukoo ulipoongezeka nyumba ilipanda juu, au ilivuka njia kwa wikio, yaani chumba kinachojengwa juu ya uchochoro na kuunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Chini yake njia zilitosha punda na mzigo wake, kwa kuwa hakuna kipana zaidi kilichohitaji kupita. Maji matamu yalitegemea visima vya upande wa Shela, ambako vilima vya mchanga huhifadhi maji ya mvua. Nao wageni walifuata upepo: majahazi ya Arabuni yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na katikati ya pepo hizo wafanyabiashara walikaa miezi mizima mjini wakila, wakikopa, wakioa na wakigombana.

Hayo ni mambo manne tu, boriti, punda, visima na pepo, na yanaenea katika nusu ukurasa. Tazama yanavyojibu maswali ambayo mtunzi hakuyawaza. Je, mwizi anaweza kuvuka mtaa bila kugusa ardhi? Anaweza, akipita kwenye wikio, ila atakuwa amekanyaga ndani ya nyumba ya mtu. Je, hazina inaweza kutolewa kwa mkokoteni? Haiwezi, watafutwe punda, na mwenye punda atajua. Je, mshukiwa mgeni atakimbia lini? Upepo ukigeuka, na mji mzima unajua ni majuma mangapi yamebaki. Msimamizi akiyajibu hayo papo hapo hatakuwa anabuni tu. Atakuwa anahesabu kutokana na yaliyokwisha kuamuliwa, na ile haki niliyoisema mwanzoni itakuwapo bila kurasa 600.

Sisemi kila mji wa kubuni uwe Lamu yenye mazimwi. (Ingawa, tukiwa hapo hapo, sioni kwa nini kila mji wa michezo hii uwe na kilabu cha pombe pa kukutania, wakati baraza ya mawe mbele ya nyumba inakusanya habari nyingi zaidi na haimdai mtu senti.) Doskvol, mji wa mchezo wa Blades in the Dark uliochapishwa mwaka 2017, hauna uhusiano wowote na pwani yetu, na umejengwa kwa njia hiyohiyo. Katika ulimwengu wake mizimu ya wafu haiondoki, kwa hiyo mji umezungushiwa minara ya radi inayoizuia. Minara huendeshwa kwa nishati inayotokana na damu ya madubwana ya baharini. Na koo zenye meli za kuyawinda madubwana hayo ndizo zenye nguvu. Genge la wachezaji likishaiba haliwezi kukimbilia kijijini, maana nje ya minara kuna kifo. Litabaki kuishi na majirani liliowaibia. Kila mtaa umepewa kurasa chache tu, na wasimamizi wamecheza humo kwa miaka.

Hata hivyo, njia hii ina pengo ambalo watetezi wa ramani kamili wana haki ya kulinyooshea kidole. Sababu hazina sura. Hakuna mchezaji anayesimulia mwaka mmoja baadaye jinsi mchanga ulivyohifadhi mvua. Anamsimulia bibi kibogoyo aliyemuuzia maji ya chumvi kwa bei ya maji matamu. Sura za watu lazima ziandaliwe, pamoja na majina, maana ni majina yanayoadimika mdomoni mtu anapoulizwa ghafla. Kwa hiyo siku hizi naandaa mtaa mmoja, ule watakaoingilia wachezaji, kwa ukamilifu wa daftari langu la zamani: nyumba 10 au 12, nani anamdai nani, mlango gani hufungwa kwa komeo. Mitaa mingine naipa jina, harufu na jambo moja linalowaudhi wakazi wake. Na kama najua kwamba kikao kijacho ni cha wizi wa kupangwa au cha kuzingirwa kwa mji, nachora kila kitu hadi ngazi, kwa sababu hapo kipimo ndicho mchezo wenyewe.

Kuhusu punda, niliuliza meza. Mchukuzi alisema kisima kiko ndani ya ua wa hekalu na makuhani hutoza kwa kila ndoo; mwenzake akaongeza kwamba ushuru umepanda tangu mwezi uliopita. Tulicheza vikao vinane juu ya ushuru huo. Kati ya nyumba zangu 140 waliingia tisa, na kwa mke wa mhunzi hakuna aliyewahi kubisha hodi.