Kichupa Kimoja Kabla ya Orodha ya Dawa

Kwa maoni yangu, somo la famakolojia kwa wanafunzi wa uuguzi lingeanza na mizani na kichupa kimoja cha atesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, si na orodha ndefu ya makundi ya dawa ambayo mwanafunzi huikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau kabla hajakanyaga wodi. Hapa Mwanza malaria kali si habari ya vitabuni, na mtoto anayeletwa usiku kwa boti kutoka visiwa vya Ziwa Victoria hamsubiri muuguzi afungue daftari.

Unga wa kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi kwa sindano ya mshipa, au mililita 2 tu kwa sindano ya msuli, kwa hiyo kila mililita hubeba miligramu 10 katika mchanganyiko wa kwanza na 20 katika wa pili. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30, yaani mililita 3 za mshipani. Katika chumba cha mazoezi nilimwona mwanafunzi anayeongoza darasa, aliyekariri hizo mililita tatu, akikomba kichupa chote kilichochanganywa kwa ajili ya msuli. Alikuwa amevuta dozi maradufu, na nashukuru kwamba mgonjwa wetu alikuwa mwanasesere.

Swali hufuata lenyewe: kwa nini mtoto asiyefikia kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, ilhali wazito zaidi hupewa 2.4? Kwa miligramu zilezile kwa kila kilo, damu ya mtoto mdogo hupata dawa kidogo kuliko ya mtu mzima, na ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ulimwongezea. Hapo ndipo jinsi mwili unavyoisambaza, kuivunja na kuitoa dawa hupata maana.

Mjadala huo nauacha uende kwa Kiswahili, ingawa wenzangu hulalamika kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Anayeweza kumweleza mama wa Kirumba, hapa Mwanza, sababu ya dozi ya mwanawe hashindwi kuiandika kwa Kiingereza. Waliokariri Kiingereza wakashindwa kumweleza mama huyo nimewafundisha wengi.