Rejeksi za nginx sio mfumo wa ruhusa

Kila mtu akiuliza namna ya kulinda rejistri yake ya imeji za kontena (ghala la vifurushi vya programu) jibu huwa lile lile, weka nginx mbele (seva inayopokea maombi kwanza), weka htpasswd (faili la majina na nywila), washa TLS (usimbaji wa mawasiliano), kwisha kazi. Sipingi. Kwa timu ndogo ambayo kila mtu anaruhusiwa kila kitu hiyo inatosha kabisa, tena kubeba dude zima la Harbor, rejistri kubwa yenye mfumo wake wa ruhusa, kwa imeji chache naona ni kujitesa. Ninachopinga ni kile kinachokuja baadaye, pale bosi anaposema timu hii isiguse imeji za timu ile, halafu mtu anaanza kuandika rejeksi (regex, ruwaza za kulinganisha maandishi) kwenye konfigi ya nginx.

Mwanzoni inaonekana rahisi kweli. Anwani zote zinaanza na /v2/ halafu jina la ripo (fungu la imeji), kwa hiyo unasema maombi ya GET na HEAD ni kusoma, POST, PUT, PATCH na DELETE ni kuandika, unapanga majina, basi. Sasa kwanza /v2/_catalog inataja majina ya ripo zote, hiyo umeikumbuka? Lakini kichochoro kibaya zaidi ni hiki: mtu akitaka kupushi (kupakia) tabaka, yaani kipande cha imeji, ambalo tayari lipo kwenye ripo nyingine, mteja (programu yake, mfano docker) anatuma POST kwenye ripo yake mwenyewe, na mwisho wa anwani anaweka mount= yenye dijesti (alama ya kulitambulisha tabaka) na from= yenye ripo ya wenzake. Rejeksi yako inaangalia njia tu, inaona ripo ni ya kwake, inampitisha, na tabaka la watu linaingia kwake bila kupakia chochote. Ndiyo, lazima aijue dijesti ya sha256 kwanza, ila dijesti zinazagaa kwenye logi za CI (mfumo wa kujenga na kujaribu programu) kila siku, sio siri hizo.

Rejistri ina njia yake ya tokeni (kibali cha muda) na watu wanaiogopa bure tu. Mteja anagonga, anapewa 401 (hujathibitishwa) na heda ya WWW-Authenticate inayomwambia aende wapi na aombe nini, mfano repository:malipo/api:pull,push, anaenda kwa seva ya tokeni na jina na nywila yake, anarudi na tokeni iliyosainiwa ya aina ya JWT. Rejistri inakagua saini kwa cheti ilichonacho, nywila haizioni kabisa, na ile from= inaijua, itadai ruhusa ya kupuli (kushusha) kule tabaka linakotoka. Seva yenyewe unaweza kuiandika ikaongea na LDAP yenu (orodha ya watumiaji wa kampuni), au chukua iliyo tayari, docker_auth ya Cesanta. Tokeni hazikai, isipotajwa muda mteja anahesabu sekunde 60, kwa hiyo ukimtoa mtu, tokeni yake ikiisha muda ametoka kweli.

nginx ibaki, kwa TLS. Weka client_max_body_size iwe 0 maana kawaida yake ni 1m na tabaka la kwanza tu utapigwa 413 (ombi kubwa mno), tuma heda ya X-Forwarded-Proto (inayosema ombi lilikuja kwa https) la sivyo rejistri itarudisha Location ya http na kupushi kutafia katikati. Na poti 5000 ya rejistri ichapishe kwenye 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya mashine hiyo hiyo, usitegemee ufw (ngao ya mtandao ya Linux), Docker huandika sheria zake za iptables (kichujio cha mtandao cha Linux) na poti uliyoichapisha itakuwa wazi kwa dunia nzima hata kama ufw inakwambia imefungwa.