Je, Msichana Aliyekosea Lazima Afe? Riwaya za Vijana na Mzigo wa Maadili

Februari 2023, Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na malezi ya Kitanzania. Aprili 13 mwaka huohuo, siku ya kuzaliwa kwa Baba wa Taifa, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo wizara iliyoondoa vitabu shuleni ndiyo iliyokuwa ikiwahimiza Watanzania waandike. Sioni mgongano hapo. Naona swali ambalo kila anayemwandikia kijana wa miaka 13 hadi 18 hulikuta mezani: nimwambie mangapi, na nimwambie vipi?

Wazazi na walimu wanaotaka mipaka wana hoja nzito kuliko waandishi tunavyopenda kukiri. Kitabu cha kiada au cha ziada hakichaguliwi na mtoto. Anapangiwa, anakisoma mbele ya wenzake, na mara nyingi darasa moja lina mtoto wa miaka 14 na kijana wa 18. Mtu mzima akichukizwa na ukurasa anafunga kitabu. Mwanafunzi ana mtihani unaomsubiri. Halafu kuna jambo linalosemwa kwa nadra: baadhi ya kurasa tunazozitetea kwa jina la uhalisia zimeandikwa kwa jicho la mwanamume mzima anayemtazama binti wa shule. Mwili wake unaelezwa kiungo kwa kiungo, kisha mwishoni linawekwa onyo. Msomaji wa kike wa Kidato cha Pili anajiona ametazamwa, na onyo lile halimfidii chochote. Mwalimu anayekataa ukurasa wa namna hiyo yuko sahihi.

Upande wa pili una ushahidi wake, na mkubwa kuliko wote ni Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi aliichapisha mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na miaka ilipopita ikarudi darasani ikiwa kitabu teule. Waliokizuia walitazama mapenzi, ulevi na utoaji mimba. Lakini ukikisoma kwa utulivu unaona kwamba kimejengwa juu ya malezi tangu mwanzo. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakwenda shule akiwa amefundishwa woga tu. Hajui kukataa kwa kujiamini, wala kukubali kwa akili, na wanaume watakaomtumia baadaye, wakiwemo wenye vyeo waliopaswa kumlinda, wanamkuta hana kinga. Mzazi akitaka kitabu cha kujadiliana na bintiye kuhusu malezi, ni vichache vinavyokizidi hiki. Kukizuia kulimnyima mzazi somo lililomhusu yeye kwanza.

Hata hivyo, sikubaliani na Kezilahabi katika jambo moja: mwisho. Baada ya mchumba kumkataa kwa yaliyopita, Rosa anajiua. Kwa riwaya ya watu wazima hiyo ni tanzia, na tanzia ina haki yake. Kwa msomaji wa miaka 15 athari ni nyingine. Kifo cha Rosa, pamoja na vya mabinti wengine wengi wa riwaya zilizofuata mkondo huo, kinamfikia kama hukumu: ukiteleza, umekwisha. Na msichana aliyekwisha kuteleza, ambaye yumo katika kila darasa, anasoma hukumu yake mwenyewe huku wenzake wakinakili maudhui.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980 na kutahiniwa kwa miaka kadhaa Kenya, inaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Maimuna naye amefungiwa ndani na baba mkali, naye anatoroka na kuangukia pombe na danguro. Mwandishi hafichi uchafu wa maisha hayo. Lakini Maimuna anabaki hai, anapata wa kuanza naye upya, na anayeporomoka mbele ya macho yetu ni Maksuudi, baba tajiri aliyekuwa akiheshimiwa na mji. Hapo lawama imefika mahali pake. Kiufundi hiyo ni kazi ngumu kuliko kumuua mhusika, kwa sababu mwandishi anatakiwa aonyeshe hatua kwa hatua jinsi mtu anavyosimama tena.

Siku hizi kazi hiyo ina msingi hata katika sera. Kwa miongo mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba alifukuzwa shule, na riwaya iliyomwondoa jukwaani ilikuwa ikifuata dunia ilivyo. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua warudi katika shule za kawaida. Basi kuna riwaya nzima inayosubiri kuandikwa: binti anayerudi Kidato cha Tatu na mtoto yuko kwa bibi, maziwa yanamjaa katikati ya kipindi cha hesabu, na mvulana aliyempa mimba anakaa dawati la nyuma bila kuulizwa na mtu. Mhafidhina na mwanamageuzi wote wangepata cha kusema juu ya kitabu hicho, bila ukurasa mmoja wa kuchochea.

Suala la nani asimulie linaingia hapa. Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, inasimuliwa na Kongowea Mswahili mwenyewe, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga anayevuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Nafsi ya kwanza humpa kijana mtu wa rika lake wa kwenda naye. Ina gharama pia: msimulizi wa miaka 16 hawezi kutueleza kwa nini Zakaria akawa Zakaria. Ninaipendelea, ila siifanyi kuwa sheria. Lugha ya mitaani nayo naikubali midomoni mwa wahusika, kwa kiasi, maana Sheng ya mwaka huu huenda isieleweke mwaka ambao kitabu kitapata ithibati, yaani idhini ya kutumika shuleni.

Tatizo linalonisumbua zaidi liko kwenye mtihani. Mwanafunzi wetu hufundishwa kuchambua fani na maudhui: dhamira, ujumbe, falsafa, migogoro. Soko kubwa la mchapishaji ni shule, kwa hiyo mwandishi huanza na ujumbe, kisha hutafuta watu wa kuubeba. Ndiyo maana wahusika wengi wa miaka 16 huzungumza kama vipeperushi vya afya. Wanaotetea maadili hudhani hapo wamepata kitabu salama. Kijana anakisoma kwa ajili ya alama tu, na maadili yenyewe hayamgusi.

Kwa hiyo ningependekeza kamati za ithibati ziongeze maswali mawili kwa kila mswada. Mtu mzima aliyesababisha madhara ndani ya hadithi anawajibika wapi? Na mhusika akikosea, mwandishi amempa njia gani ya kuendelea kuishi? Kisha mswada upewe wanafunzi kumi wa Kidato cha Tatu, wa mjini na wa kijijini, wausome kabla ya muhuri kupigwa, bila kuulizwa dhamira. Waulizwe tu waliacha kusoma ukurasa wa ngapi, na kwa nini.