Kudabo dau Las Venturas: hela inatoka kwenye sevu

Ingia kibanda cha gemu Kaloleni, Ngarenaro au Sombetini, popote hapa Arusha ambapo PS2 yenye GTA San Andreas bado inapiga kazi, ukae nyuma ya dogo aliyefika Las Venturas, mji wa kasino ndani ya gemu hilo. Misheni ataziweka pembeni. CJ, mhusika anayemchezesha, ataingizwa kasino, atasimamishwa kwenye ruleti (gurudumu la namba nyekundu na nyeusi, sifuri haina rangi kati ya hizo), na aliyekaa kwenye benchi atatoa somo: weka nyekundu, ukiliwa dabo, ukiliwa tena dabo, nyekundu lazima itoke. Na kweli, mwisho wa siku CJ ana hela. Ninachopinga ni maelezo ya hela hiyo ilivyopatikana, kwa sababu dogo huyo kesho atakuwa na simu yenye laini yake, ya kubetia hela halisi.

Tuanze na hesabu ya kudabo. Anza na dau la 1,000. Ukiliwa unaweka 2,000, halafu 4,000, 8,000, 16,000, 32,000 na 64,000. Hizo ni hatua 7, na jumla yake ni 127,000. Ukishinda hatua yoyote, faida ni ile ile 1,000. Kwa hiyo hatua ya saba unaweka 64,000 mezani ili upate 1,000. Gurudumu lenye sifuri moja lina namba 37, na nyekundu ni 18 tu. Raundi moja ni kuanzia 1,000 hadi ushinde au uliwe mara 7. Uwezekano wa kuliwa mara 7 mfululizo ni kama mara moja katika raundi 106. Inaonekana ndogo, lakini piga mahesabu: raundi 105 zinakuingizia 105,000, na moja inaondoka na 127,000. Gurudumu lenye 0 na 00 ni baya zaidi, kwa sababu hapo balaa linakuja mara moja katika raundi 89 hivi. Na nyekundu haina deni na mtu. Nyeusi ikitoka mara sita, mara ya saba gurudumu ni lile lile, namba ni zile zile.

Halafu kuna kikomo cha meza. Kila meza ina dau la juu kabisa, na kudabo hukimbilia huko haraka kuliko watu wanavyodhani. Ukigonga kikomo huku umeshaliwa mara tano, hatua ya sita haipo, na mkakati wote umeishia hapo.

Sasa kwa nini CJ ana hela? Kwa sababu dogo amesevu, yaani amehifadhi gemu. Akiliwa vibaya analodi, yaani anarudi pale alipohifadhi, na raundi mbaya inafutwa kama haikutokea. Kasino inaishi kwa ile raundi moja ya 106. Ukiifuta, kasino haina kitu. Hata mtu anayeweka dau kwa kufumba macho atatajirika akiwa na sevu. Kwenye gemu la mtu mmoja sioni ubaya wowote hapo, ni hela za katuni. Ila ukishajua kwamba sevu ndiyo inayofanya kazi, achana na kudabo, inakupotezea muda. Panga dau lako kwa kuhesabu utalodi mara ngapi.

Nunua kwanza chumba cha hoteli karibu na kasino, maana ukilodi unaanzia kwenye chumba na kutembea upya. Sevu kwenye ile alama ya diski (saa ya gemu itaruka masaa 6, haina madhara). Hela yako ikiwa bado chini ya kikomo cha meza, weka yote kwenye rangi. Rangi hutoka karibu mara moja katika majaribio mawili, kwa hiyo kuzidisha hela mara 32, yaani ushindi tano, kunakula majaribio kama 10. Ukiweka yote kwenye namba moja, inakulipa 35 kwa 1, unabaki na mara 36, lakini kwa wastani utajaribu mara 37. Wengi hukimbilia namba kwa sababu malipo yake yanang'aa, wakati rangi inawafikisha karibu pale pale kwa chini ya theluthi ya muda.

Ukishafika kikomo cha meza, mambo yanageuka. Dau haliwezi kukua tena, kwa hiyo hesabu faida kwa kila jaribio: rangi inakupa kama nusu ya dau, namba moja inakupa karibu dau zima. Hapo hamia kwenye namba. Hili ndilo jambo ambalo benchi la kibanda halijawahi kulifundisha.

Tumia nafasi mbili za sevu kwa kupokezana. Umeme ukikatika wakati memori kadi inaandika, faili hilo linaweza kuharibika, na TANESCO haitangoji umalize. Kama kibanda hakina memori kadi, huna mkakati wowote, unacheza kamari kamili. Magemu mengine pia yameziba mwanya huu: kuna yanayohifadhi bahati ndani ya sevu, ukilodi namba ile ile inarudi hadi ubadilishe kitu ulichofanya kabla. Fallout: New Vegas ya 2010 hukuzuia kucheza kwa muda mfupi baada ya kulodi, na ukishinda kupita kiasi kasino inakukatalia kabisa.

Gemu ambalo mkakati wa dau unafanya kazi kwa haki ni Stardew Valley. Kwenye maonyesho ya siku ya 16 ya msimu wa kupukutika majani kuna gurudumu la kijani na chungwa. Kwa macho ni nusu kwa nusu, lakini kijani hushinda asilimia 75. Hapo wewe ndiye mwenye kasino. Na bado ukiweka tokeni zako zote (hela za maonyesho) kila mara utafilisika: kushinda mara tano mfululizo kunatokea chini ya mara moja katika nne. Kanuni aliyoiandika John Kelly wa Bell Labs mwaka 1956 inasema, pale ushindi unapokulipa sawa na dau, zidisha uwezekano kwa 2 kisha toa 1, na jibu ndilo sehemu ya hela yako ya kuweka. Mara mbili ya 0.75, toa 1, ni 0.5. Weka nusu ya tokeni zako kwenye kijani, kila mzunguko. Kutoka 100 hadi 2,000 zinazonunua zawadi ya Stardrop, tegemea mizunguko kama 23. Ingiza asilimia 48.6 ya nyekundu ya ruleti kwenye kanuni hiyo hiyo, jibu linakuja chini ya sifuri, maana yake usiweke hata senti.

Dubwi la kamari la pale dukani na gemu la kubeti la ndege inayopaa kwenye simu havina kitufe cha kulodi. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, na wenye vibanda wanaoruhusu madogo kupeana "mbinu za ruleti" za hela halisi wanakosea sana.

Anayebisha achukue daftari, acheze raundi 100 za ruleti na 127,000 za CJ, akidabo kuanzia 1,000, bila kulodi hata mara moja. Aandike kila tokeo. Arudie siku tatu. Kwa wastani, kama siku mbili kati ya hizo tatu ataliwa mara 7 mfululizo kabla ya kumaliza raundi 100.